Je, Wajua? Wembe wa Babu na Mpini wa Mbao

Kwamba wembe wa kukunja wa Solingen huweza kuuawa na mpini wake? Seluloidi, ile plastiki kongwe iliyoiga pembe na gamba la kasa, huoza na kutoa mvuke wa asidi. Chuma huliwa na kutu kikiwa kimelala ndani. Ukiukuta wa babu kwenye droo huko Rohero, Bujumbura, unuse kwanza. Ukikuwasha pua, toa ribiti leo uutengenezee mpini mpya wa mbao, usingoje kesho.

Kwamba Mrundi husema urwembe? Hapo hahitajiki mkalimani.

Kwamba mpini ni vibao viwili, kila kimoja unene wa milimita 3 hivi? Ribiti ya shaba njano hupita kwenye shina la wembe, nyingine mwishoni, pengine na ya tatu katikati. Huko mwishoni hukaa kabari, na hapo ndipo fundi mgeni huumbuka. Kabari ndiyo inayovitenganisha vibao. Ikikosewa, makali hugonga mbao kila unapofunga, na kazi yote ya kinoo imepotea. Mafundi wa zamani waliwahi kuitengeneza kwa risasi.

Kwamba vibao hufungwa pamoja ndipo vitobolewe? Kekee ikiteleza kidogo tu, wembe utalala upande. Ribiti nayo haitaki ubabe: nyundo ndogo, mapigo mepesi, mengi.

Kwamba mpingo huzama majini? Ni mti wa klarineti, na kwa wembe sijaona wa kuushinda. Vumbi lake lakini huwasha kifua, kwa hiyo vaa barakoa unapopiga msasa. Umuvugangoma, ambao Waswahili huuita mringaringa, huchongwa ngoma za Burundi, zile zilizoingia orodha ya UNESCO mwaka 2014. Uachiwe ngoma.

Kwamba methali ya “mwenzako akinyolewa, wewe tia maji” haimhusu mwenye mpini wa mbao? Unyevu wa Ziwa Tanganyika peke yake unatosha kukipinda kibao kibichi. Kausha mbao kwanza, pakaa mafuta ya kitani, na ukimaliza kunyoa futa hadi kwenye mhimili.

Kwamba mwaka 1903 mpinzani wa wembe wa kukunja, kampuni ya Gillette, iliuza nyembe 51 tu?

Kwamba wembe wa babu haufai saluni? Mpini wa mbao hauchemshwi, na kinyozi mwema humfungulia kila mteja wembe mpya. Huu ni wa kidevu kimoja.