Mwendesha Mashine Apewe Spana

Methali ya ufa na ukuta imechakaa kwa kunukuliwa. Imeandikwa kwenye mbao za shule, imetajwa katika hotuba za wanasiasa, na watahini wameitungia maswali ya insha miaka nenda miaka rudi. Hata hivyo, ni nadra kusikia mtu akiuliza: yule anayekaa kando ya ukuta kutwa, ambaye ndiye wa kwanza kuuona ufa, je, amepewa udongo wa kuuziba? Au ameagizwa autazame tu hadi fundi atakapowasili kutoka mjini?

Nauliza hivi kwa sababu ya viwanda vyetu, hususa vile vichache vilivyochipuka katika kaunti za Kitui na Makueni tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Huko Kalamba, Makueni, kiwanda cha kusindika maembe kilifunguliwa mwaka 2017 ili mkulima asiendelee kuliuza tunda lake kwa bei ya kutupa. Mwaka uliofuata, Kitui ikaanzisha kiwanda chake cha ushonaji, KICOTEC, kilichokusudiwa kushona sare, na ambacho mwaka 2020, janga la korona lilipobisha hodi, kiligeukia barakoa. Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini siku ya kukata utepe kila mashine hung'aa. Kipimo cha kiwanda ni siku ya elfu moja, wakati beringi zimeanza kulia, mikanda imelegea na aliyeuza mashine hapokei tena simu.

Katika viwanda vingi vya nchi hii, kuna ukuta baina ya watu wawili. Mmoja huendesha mashine, mwingine huitengeneza. Mwendeshaji haruhusiwi kushika spana. Fundi naye hafiki mpaka mashine izimike. Kisa na maana ni kwamba yule anayeijua mashine kwa sauti, kwa joto na kwa harufu yake hana idhini ya kuigusa, ilhali mwenye idhini haisikii mpaka imenyamaza.

Nilipata kuzuru karakana moja ya ushonaji ambayo sitaitaja. Mama mmoja alikuwa ameketi mbele ya cherehani iliyozimika, mikono mapajani. Nilipomsalimu, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, hii mashine ilianza kunung'unika Jumatatu. Nikasema. Leo ni Alhamisi, ndipo imenyamaza." Fundi alikuwa anatarajiwa Ijumaa. Katika siku zile zote hakuna aliyempa mama yule brashi ya kuondoa vumbi la nyuzi, wala ruhusa ya kutazama kiwango cha oili.

Wajapani waliubomoa ukuta huo zamani. Mwaka 1971 kampuni ya Nippondenso, iliyotengeneza vifaa vya magari, ilitunukiwa tuzo ya utunzaji wa mitambo kwa sababu iliwashirikisha wafanyakazi wote katika kazi hiyo, si mafundi peke yao. Bwana Seiichi Nakajima akauandika na kuueneza mfumo huo duniani. Nguzo yake mojawapo ni kumfundisha mwendeshaji autunze mtambo wake mwenyewe katika mambo ya kila siku: kusafisha, kutia mafuta, kukaza bolti zilizolegea na kukagua. Hatua ya kwanza kabisa ni usafi, na hapa ndipo wasomaji wengi hucheka. Wasidhani ni ufagizi. Anayepangusa mashine kwa mkono wake hukutana na nati iliyolegea, ufa mwembamba kama unywele, tone la mafuta mahali pasipostahili. Kitambaa kile ni chombo cha uchunguzi.

Chukua cherehani ya kiwandani. Chini ya bamba la sindano hujikusanya vumbi la nyuzi; lisipotolewa hunyonya oili na kugeuka tope, meno ya kuvutia kitambaa yakashindwa kazi. Kwenye sinia ya oili kuna alama mbili, ya juu na ya chini, na juu ya mashine kuna kidirisha kinachoonyesha kama oili inaruka au la. Sindano ikipinda kidogo tu, hugonga pale inapopokelewa uzi wa chini, na kifaa ambacho kingedumu miaka huharibika kwa adhuhuri moja. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo linalohitaji stashahada. Linalohitajika ni dakika kumi asubuhi, brashi, na mtu aliyeonyeshwa mara tatu akajaribu ya nne mbele ya mwalimu.

Kwa maembe, hasara ni kubwa zaidi. Msimu wa Ukambani huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kumalizika yapata Machi. Embe lililoiva halimsubiri fundi. Mashine inayotenganisha nyama ya embe na kokwa huwa na chujio la chuma lenye vitundu. Kipande cha kokwa kikinaswa, chujio hutoboka, na rojo inayotoka huwa na nyuzinyuzi ambazo mnunuzi hazitaki. Mwendeshaji makini huona mabadiliko hayo kwenye rojo kabla ya mtu wa maabara. Tena maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvi. Kila mama anaujua ukoko mweupe ulio ndani ya birika lake. Ukoko huohuo hujijenga ndani ya mabomba ya kupashia rojo moto, na dalili yake ya mwanzo ni ndogo sana: joto lililofikiwa jana kwa dakika ishirini leo linafikiwa kwa ishirini na tano. Ni nani atakayeiona dalili hiyo? Ni yule aliyesimama pale jana na leo, tena akiwa na daftari na akiamini kuwa kuna atakayelisoma.

Wanafunzi wa hesabu wanaweza kuupima uzito wa jambo hili wenyewe. Tuseme mashine ilikuwa tayari kufanya kazi kwa asilimia 80 ya muda uliopangwa, ikaenda kwa asilimia 80 ya kasi yake, na asilimia 90 ya bidhaa zake zikawa nzuri. Kila tarakimu, ikitazamwa peke yake, yaonekana ya kuridhisha. Zizidishe: 0.8 mara 0.8 mara 0.9. Mashine ile imetoa asilimia 57.6 tu ya kile ilichoweza kutoa.

Wapo watakaosema kuwa mambo haya ni ya Japani, hayatuwezekani. La hasha! Nenda katika soko lolote, Wote au Mwingi, usimame nje ya kinu cha kusagia mahindi. Yule kijana aliyepakwa unga hadi kope anaendesha, anakaza mkanda, anatia grisi, anabadilisha chekeche likitoboka, na nyundo za ndani zikiisha makali upande mmoja huzigeuza upande wa pili kabla ya kununua nyingine. Akisikia mlio umebadilika, huzima. Hakufunzwa na Mjapani. Alilazimika, kwa kuwa kinu kikisimama hapati kitu siku hiyo. Ajabu ni kwamba kijana huyohuyo akiajiriwa kiwandani, jambo la kwanza analoambiwa ni asiguse.

Lakini tusiruke mpaka upande wa pili na kudai kwamba mwendeshaji amwondoe fundi. Hapo pana kisa cha Kitui ambacho kingefaa kufunzwa vyuoni. Pampu ya mkono ya Afridev iliundwa katika miaka ya 1980 ikikusudiwa kuwa rahisi kiasi kwamba wanakijiji wangeitunza wenyewe kwa zana chache, spana moja ikiwa ndiyo kuu. Wazo lilikuwa jema. Hata hivyo, pampu nyingi vijijini zilikaa kwa majuma mengi bila kutoa maji, kwa sababu vipuri vilikuwa mbali, fedha za kamati zilikwisha, na kila mtu alimngojea mwenzake. Mwaka 2013, katika eneo la Kyuso, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga katika mipini ya pampu vifaa vidogo vilivyotuma habari kwa mtandao wa simu kuhusu jinsi mpini unavyotumika. Pampu ikinyamaza, fundi alijua. Muda wa kusubiri matengenezo, ambao kwa wastani ulikuwa siku 27 hivi, ulishuka ukawa chini ya siku 3. Kutokana na jaribio hilo ikazaliwa huduma ya kudumu ya mafundi, FundiFix.

Wengine husoma kisa hicho wakakata shauri kwamba mtumiaji hafai kuachiwa utunzaji. Mimi nasoma vingine. Kijiji kilikabidhiwa spana bila vipuri, bila fedha na bila fundi wa kumwita pale kazi inapozidi kimo chake. Kule kumwachia mtu kila kitu na kumkataza kila kitu ni uzembe uleule wa msimamizi. Kyuso iliponyoka pale habari za mpini zilipomfikia fundi upesi. Kiwandani hatuhitaji hata kifaa cha simu: mpini una mtu aliyeushika, mwenye masikio na mdomo.

Kwa hiyo mpaka uchorwe, tena kwa maandishi. Kusafisha, mafuta, kukaza, kubadilisha sindano au mkanda, kuandika daftarini: ya mwendeshaji. Nyaya za umeme, mashine za mvuke, na chochote kilicho nyuma ya kinga: ya fundi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, na boila zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Anayemfundisha mwendeshaji kutia grisi na asimfundishe kwanza kuuzima umeme na kuhakikisha hakuna awezaye kuuwasha, huyo anamwandalia kilema. Nimeona mikono yenye vidole vitatu. Sihitaji kushawishiwa.

Liko pingamizi jingine ambalo mameneja hawapendi kulisikia. Mshonaji anayelipwa kwa idadi ya nguo hatasafisha cherehani yake, na nisingemlaumu. Dakika kumi za brashi ni pesa zinazotoka mfukoni mwake kuingia mfukoni mwa tajiri. Kiwanda kikitaka mashine itunzwe, dakika hizo zilipwe, na ujuzi huo uonekane katika mshahara. Vinginevyo tutakuwa tumempa mfanyakazi kazi ya pili kwa ujira wa moja, kisha tuite hayo mafunzo.

Fedha za kufunzia zipo, ingawa si nyingi. Mwajiri hutozwa ada ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ikasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, na anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Laiti waajiri wangeidai kwa ajili ya waendeshaji, wala si kwa semina za mameneja hotelini!

Na sasa nawageukia walimu. Tangu ripoti ya Baraza la Kikristo la Kenya ya mwaka 1966 iliyouliza kijana aende wapi baada ya shule, na vyuo vya ufundi vya vijiji vikaanza, tumemfundisha kijana kuunda na kutengeneza. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulimpa randa na nyundo. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unamtaka aonyeshe anachoweza kutenda. Katika yote hayo, kutunza kifaa kinachofanya kazi hakujapata heshima ya somo. Mwanafunzi hupewa injini iliyokwisha kufa aifungue. Ni mara chache hupewa iliyo hai aambiwe, "Isikilize, utuambie itaugua nini."

Chuo chochote cha ufundi cha Kitui au Makueni chaweza kuanza muhula ujao. Mwalimu achukue kinu kikuukuu, alegeze bolti mbili, apunguze grisi katika beringi moja, aache mkanda ukiwa na ufa. Mwanafunzi apewe kitambaa, kalamu na nusu saa. Kwanza azime umeme mbele ya mtahini. Asipofanya hivyo, mtihani ukome hapo. Kisha apanguse, aguse, aandike alichokiona, na kando ya kila kasoro aonyeshe ipi ni yake kurekebisha na ipi ni ya kumwitia fundi. Alama nyingi ziwekwe kwenye safu hiyo ya mwisho.