Asidi za Shahamu na Utando wa Seli za Moyo

Moyo wa binadamu hupiga yapata mara 100,000 kwa siku moja, nao hauna saa ya mapumziko. Kazi hiyo huhitaji nishati isiyokatika, na sehemu kubwa ya nishati hiyo, zaidi ya nusu katika hali ya kawaida, hutokana na kuchomwa kwa asidi za shahamu. Yaani shahamu ndiyo kuni za moyo. Walakini kuni hizo hizo, zisipoungua sawasawa, zaweza kuuharibu utando unaoizunguka kila seli ya moyo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi madhara hayo yatokeavyo.

Kwanza hapana budi kutenga maana za maneno. Katika Kiswahili neno "mafuta" limebeba mzigo mkubwa: kuna mafuta ya taa, mafuta ya nazi, mafuta ya kujipaka na mafuta yaliyomo katika nyama. Kwa ajili hiyo neno "shahamu" linafaa zaidi hapa. Asidi ya shahamu ni mnyororo wa atomu za kaboni, aghalabu 16 au 18, wenye kichwa cha asidi upande mmoja. Mnyororo huo huyakimbia maji, ilhali kichwa huyapenda. Yafaa pia kutofautisha jambo hili na lile lijulikanalo na wengi, yaani kuziba kwa mishipa kutokana na lehemu. Kuziba hutokea ndani ya mshipa wa damu na huchukua miaka mingi; madhara yanayoelezwa hapa hutokea katika seli yenyewe, nayo huanza katika muda wa dakika chache.

Utando wa seli nao umejengwa kwa shahamu. Mwaka 1925 Gorter na Grendel, wataalamu wa Uholanzi, walipima shahamu zilizotolewa katika seli nyekundu za damu, wakahitimisha kwamba utando una tabaka mbili: vichwa vipendavyo maji vimeelekea nje na ndani, na mikia iyakimbiayo maji imefichwa katikati. Mwaka 1972 Singer na Nicolson waliongeza kwamba utando huo si ukuta mkavu, bali ni kama ziwa la shahamu ambamo protini huelea. Baadhi ya protini hizo ni malango ya chumvichumvi, na nyingine ni pampu zitoazo sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Mapigo ya moyo hutegemea malango na pampu hizo.

Ili asidi ndefu ya shahamu ichomwe, ni lazima iingie katika mitokondria, ambayo ndiyo meko ya seli. Haiwezi kuingia peke yake. Hubebwa na kiwanja kiitwacho karnitini, ambacho kiligunduliwa katika nyama mwaka 1905 na kupewa jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya nyama. Asidi ikiunganishwa na karnitini huitwa asilikarnitini. Kwa kawaida mizigo hiyo huvuka, hushushwa, na kuchomwa mara moja, hata haipati nafasi ya kulundikana.

Mambo hubadilika damu inapokoma kufika. Mshipa wa moyo ukizibwa, oksijeni huisha upesi. Bila ya oksijeni meko huzimika, lakini wapagazi hawajui kwamba moto umezimika, nao huendelea kupokea mizigo. Asilikarnitini ndefu hulundikana. Wakati huohuo vimeng'enya fulani huyakata mafuta ya utando wenyewe na kuacha vipande vyenye mkia mmoja badala ya miwili, viitwavyo lisofosfolipidi.

Viwanja hivi vyote viwili vina sifa moja: kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao. Hiyo ndiyo sifa ya sabuni. Mtu aoshaye sufuria yenye mafuta hutegemea sifa hiyo hiyo: mikia ya sabuni hujichomeka katika mafuta, vichwa hushikamana na maji, na mafuta hung'oka. Katika moyo, viwanja hivi vikiwa vichache hujichomeka tu katika utando na kuuvuruga mpangilio wake. Pampu ya sodiamu hudhoofika, malango hufunguka na kufungika pasipo wakati wake, na kalsiamu huongezeka ndani ya seli kupita kiasi. Viungo vipitishavyo umeme kutoka seli hadi seli navyo hulegea. Vikizidi sana, utando huanza kuyeyuka, na vilivyomo ndani ya seli huvuja.

Ushahidi wa jambo hili umetoka pande mbalimbali. Mwaka 1989 Peter Corr na wenzake, wa Washington University mjini St. Louis, walionyesha kwa kutumia paka kwamba dawa izuiayo kuundwa kwa asilikarnitini ilipunguza ule mtetemo ovyo wa vyumba vya chini vya moyo ambao huua ghafla. Mwaka 1999 madaktari wa Paris walieleza habari za watoto waliozaliwa na kasoro katika uchomaji wa shahamu. Wale ambao kasoro yao husababisha asilikarnitini ndefu kulundikana walipatikana na mapigo yaliyovurugika. Bali wale ambao kimeng'enya kinachoziunda ndicho kilichokosekana hawakuonekana na dalili hiyo. Watoto wa makundi yote mawili walishindwa kuchoma shahamu ndefu. Kwa hiyo upungufu wa nishati pekee hautoshi kuwa maelezo. Kulundikana kwenyewe kuna sumu.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba asidi za shahamu ndizo adui wa pekee. Ukosefu wa nishati, uchachu unaozidi katika seli, na viwanja vikali vya oksijeni vizaliwavyo damu inaporudi, vyote hushiriki katika uharibifu. Lakini utando ndio mpaka baina ya seli iliyougua na seli iliyokufa. Majaribio ya Robert Jennings na wenzake juu ya mbwa, yaliyochapishwa mwaka 1960, yalionyesha kwamba damu ikirudishwa kabla ya dakika 20 hivi kupita, seli nyingi za moyo huweza kupona. Baada ya hapo idadi ya zinazokufa huongezeka kwa haraka.

Basi daktari anaposisitiza kwamba mwenye maumivu makali ya kifua asingojee kupambazuke ndipo apelekwe hospitali, sababu yake ndiyo hii. Utando uliovurugika bado waweza kurudia hali yake damu ikirudi na meko kuwaka tena. Uliokwisha kuyeyuka haushoneki.