Kuibadili Vespa au Kuiacha Ilivyotoka

Jua likishapoa, kwenye barza za Kikwajuni, Miembeni na Mwembetanga, mitaa ya Ng'ambo mjini Zanzibar, mtu akiegesha Vespa yake mbele ya wenziwe hapiti bila kuulizwa: "Shekhe, safari hii umebadilisha nini?" Waliokaa huinuka, mmoja hupiga kiki kusikiliza injini, mwengine huinama kuangalia tairi la nyuma. Ng'ambo chombo cha mtu hukaguliwa na mtaa mzima, na swali linalowagawa watu tangu zamani ni hili: uiache Vespa na vitu vyake ilivyotoka navyo kiwandani, au uvitoe kimoja kimoja na kuitia vilivyo bora zaidi?

Nalichukulia swali hili kwa uzito kwa sababu Vespa imeingia ndani ya maisha yetu kuliko pikipiki yoyote. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na kampuni ya Piaggio ya Pontedera, Italia, ilianza kuiuza mwaka 1946. Injini aliiweka ubavuni mwa gurudumu la nyuma, akaifunika, na mnyororo hakuutia kabisa. Kwa hiyo mzee mwenye kanzu nyeupe anakwenda sala ya Ijumaa na kurudi bila doa la oili. Mama mwenye buibui anakaa upande nyuma ya mumewe, mtoto anasimama mbele akishika usukani katikati ya mikono ya baba yake, na kapu la sokoni Darajani linapata pahala pa kukaa. Chombo kilichobuniwa Italia kiliafikiana na adabu ya mavazi ya Unguja, na mpaka leo, ijapokuwa pikipiki za Kihindi na Kichina zimejaa barabarani, wapo watu ambao hawatapanda kingine.

Vespa zenyewe lakini hazifanani. Bajaj ya India ilianza kuziunda kwa leseni ya Piaggio miaka ya 1960, baadaye ikatoa Chetak yake. LML ya Kanpur ikafuata miaka ya 1980 na umbo la Vespa za aina ya P. Ukisema "orijino" barzani, unasema ya Mtaliana. Nyingi zinazopita Michenzani leo ni mchanganyiko: bodi ya Mtaliana, pistoni ya Mhindi, siti ya fundi wa mtaani.

Mchanganyiko huo una historia yake. Katika miaka ya uhaba baada ya Mapinduzi, bidhaa za nje zilikuwa chache na aliyeharibikiwa alitia alichokipata. Biashara ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1984, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, na bidhaa zikaanza kuingia tena. Naamini ubishi wetu wa leo umezaliwa hapo, maana hakuna anayebishana juu ya kuchagua wakati hakuna cha kuchagua. Wazee waliopita katika uhaba ule bado hawatupi kitu. Fundi akitoa spea kuukuu, humrudishia mwenyewe mkononi, na mwenyewe huiweka nyumbani, kwa sababu kesho jirani anaweza kuja kuiazima. Fundi asiyerudisha spea husemwa, na maneno hayo hufika mbali kuliko bango la gereji yake.

Vijana wanataka mbio. Vespa ya 150 huvuliwa silinda yake na kutiwa ya 177, kabureta ikaongezwa, bomba la moshi likabadilishwa, na kelele ikasikika mpaka Rahaleo. Siwalaumu kwa kupenda. Nawalaumu kwa kuanzia pasipo. Silinda ikikua, nguvu ya ziada inaiangukia klachi, nayo huanza kuteleza. Klachi ikitiwa springi ngumu, mzigo unahamia mbele, kwenye gia na mhimili. Na breki ya mbele imebaki ile ile ya kiwandani, ambayo hata Piaggio wenyewe waliiona haitoshi, wakatia breki ya diski kwenye Vespa ya PX mwaka 1998. Kijana amekiongezea mbio chombo ambacho hakukiongezea uwezo wa kusimama, na barabara ya Amani jioni, pamoja na watoto wanaotoka chuoni, si mahali pa kujaribia hilo.

Mzigo huu wa kuhama kutoka sehemu hadi sehemu unawakuta hata wanaochezea vigari vya rimoti vinavyopanda majabali, mchezo wenye wapenzi wengi Marekani. Hutoa gia za plastiki wakatia za chuma, wakaimarisha mhimili, wakaongeza uzito wa shaba chini karibu na magurudumu ili kigari kisipinduke kikiparamia jiwe. Wazoefu wao wanajua kwamba kila sehemu ikiimarishwa, uvunjikaji unahamia kwa inayofuata, na mara nyingi gia dhaifu ndiyo iliyokuwa ikikinga mota isiungue. Mtoto wa Ng'ambo aliyewahi kujitengenezea gari la kopo la maziwa, magurudumu ya ndara, amelisoma somo hilo mapema: akitia magurudumu makubwa, ekseli ya waya inapinda. Sikukuu ya Idi, Mnazi Mmoja, mtoto huyo akinunuliwa kigari cha dukani, kabla ya jua kuchwa ameshakifungua aone ndani mna nini.

Mabadiliko mengine nayaunga mkono kwa moyo wote. Vespa za zamani zilikuwa na umeme wa volti 6, na taa yake usiku inamulika kama koroboi. Kutia mfumo wa elektroniki wa volti 12 kunamwondolea mtu taabu ya platini zinazoungua na kumpa taa inayomwonesha ng'ombe aliyelala njiani. Shokapu ngumu zaidi nazo zina maana kwa anayebeba familia kila siku, maana kiwanda hakikupiga hesabu ya watu wanne. Tairi jipya kabla mvua za masika halihitaji mjadala. Oili lakini ibaki kwa kipimo chake: kwa PX ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na anayeongeza kwa kukisia anaijaza plagi masizi.

Kinachoniuma ni bodi. Pikipiki ya kawaida ina fremu ya mabomba, Vespa haina. Bati lake ndilo fremu, ndilo linaloshika usukani, injini na watu. Na sisi tunaishi kisiwani, hewa ya chumvi inaingia kila mahali, mvua inakaa chini ya mpira wa sakafu na haiondoki. Kutu inaanzia chini, kwenye maungio, mahali ambapo hakuna anayepaona barzani. Nimeona Vespa zilizong'arishwa kwa vioo na taa za ziada, sakafu yake imefichwa kwa mkeka wa plastiki kwa sababu mtu akikanyaga vibaya mguu unatokeza upande wa pili. Fundi wa kuchomea anayejua kazi hii ana thamani kuliko silinda yoyote inayokuja kwenye boksi, na vijana wanaojifunza kazi yake ni wachache kuliko wanaojifunza kubadilisha kabureta.

Kwa hiyo kijana akinijia na pesa zake za kwanza, "Ami, nianze na kipi?", namwambia aimwage petroli ya tangi kwenye dumu, ailaze Vespa ubavu juu ya gunia, kisha aigonge sakafu kwa chini, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa mpini wa bisibisi. Pale sauti itakapobadilika, aweke alama ya chaki. Alama zikizidi tatu, fedha ya silinda imeshapata kazi.