Kusoma Mara Kumi si Kukumbuka

Dumila, katika Wilaya ya Kilosa, ni mji mdogo wa njia panda. Barabara kuu itokayo Morogoro huendelea Dodoma, na nyingine huchepuka kuelekea Kilosa. Kandokando yake huuzwa nyanya na vitunguu. Nyuma ya mabanda ni mashamba, na mashamba huzaa kesi. Wilaya hiyo haijasahau Desemba 2000, wakati ugomvi wa wakulima na wafugaji ulipoua watu zaidi ya 30 huko Rudewa Mbuyuni. Kwa hiyo kijana wa Dumila anayetaka uwakili si jambo la ukoo wake pekee.

Shahada ya sheria, hata ikiwa ya Mzumbe iliyo jirani, haimtoshi. Hana budi kupita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwaka 2022 matokeo ya taasisi hiyo yaliitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe ili kuchunguza chanzo. Si haki kuwatwisha wanafunzi lawama yote. Ufundishaji, lugha na fedha navyo vina sehemu yao. Lakini namna ya kusoma imo mikononi mwa mtahiniwa mwenyewe, na hapo sayansi ina la kusema.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alieleza jinsi alivyojipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi yake ya kujifunza ilikuwa imepotea. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, waliwagawa wanafunzi: wengine walisoma kifungu cha habari mara mbili, wengine walisoma mara moja kisha wakaandika kila walichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, wenzao 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: 42 kwa 56.

Hapo ndipo ulipo mtego. Anayerudia kusoma huona maneno yamezoeleka, akadhani ameyajua. Kumbe kuutambua uso wa mtu si kulijua jina lake.

Tuchukue Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Kila mwanafunzi amesoma kwamba dai la kurejesha ardhi lina ukomo wa miaka 12. Lakini mtihani, kama mteja, hauulizi idadi ya miaka. Huleta mtu aliyeondoka Dumila akiwa kijana, akarudi na kukuta shamba linalimwa na mwingine, na huuliza: miaka hiyo huanza kuhesabiwa lini? Aliyepaka wino wa njano juu ya "12" atatafuta jibu ukurasani, na ukurasa haupo. Aliyezoea kufunga kitabu, akaandika hati ya madai kwa kalamu yake, akaipambanisha na sheria na kusahihisha makosa, atakumbuka kuuliza kwanza mteja alinyang'anywa shamba siku gani.

Jambo la pili ni nafasi kati ya zamu na zamu. Saa 6 za Sheria ya Ushahidi katika usiku mmoja hazilingani na saa 6 zilizogawanywa kwa majuma matatu. Kadiri mtihani ulivyo mbali, ndivyo nafasi inavyofaa kuwa pana. Kusahau kidogo katikati hakudhuru. Kule kutafuta kwa taabu ndiko kunakoimarisha kumbukumbu. Usingizi nao usikatwe, maana ubongo huendelea kuyapanga yaliyosomwa wakati mwili umelala. Wanaokesha kwa chai ya rangi hadi alfajiri ya mtihani hujinyima kazi hiyo ya bure.

Anayerudia mitihani akiwa nyumbani Dumila, mbali na maktaba, aweza kuanza na daftari tupu. Asubuhi aandike maswali matano ya jana, ayajibu bila kitabu, kisha ndipo akifungue. Siku za kwanza ataona aibu: pengine mawili tu yatakuwa sahihi. Maswali yale matatu ayaweke alama, ayarudie baada ya siku tatu, kisha baada ya juma.