Bidun: "Bila" Iliyogeuka Jina la Watu

Wafuatiliaji wa habari za Kuwait aghalabu hukutana na neno "bidun", na wengi hulidhania kuwa jina la kabila. Wapo hata wanaolichanganya na Bedui, kosa linaloeleweka kwa kuwa wengi wa watu hao wana asili ya Kibedui.

Neno lenyewe ni mkato wa bidun jinsiyya, yaani "bila uraia". Mwanafunzi wa Kiswahili na atue hapa kidogo. Jinsiyya, ambayo kwa Waarabu ni uraia, kwetu imekuwa "jinsia", habari ya uke na uume. Nayo bidun imeundwa kwa bi na dun, na dun hiyo ndiyo iliyotupa "duni". Mwarabu haisikii dharau hiyo. Kwake ni kihusishi tu. Sikio la Mswahili, hata hivyo, haliwezi kuikosa.

Sheria ya uraia ya Kuwait ya mwaka 1959 iliwatambua kuwa wananchi wa asili wale waliolowea nchini kabla ya 1920. Wafugaji wengi wa jangwani hawakujiandikisha. Karatasi ilikuwa na faida gani kwa mchunga ngamia? Wengine walitumikia jeshi na polisi, mpaka katikati ya miaka ya 1980 serikali ilipoanza kuwahesabu kuwa wakazi haramu.

Mkasa huu umefika hata Bahari ya Hindi. Mwaka 2008 Bunge la Komoro lilipitisha sheria ya uraia wa kiuchumi, na maelfu ya mabiduni wa Falme za Kiarabu wakapewa pasipoti za visiwa ambavyo hawajapata kuviona.

Hapa kwetu, Wamakonde walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, wakakubaliwa. Wapemba wa pwani walitambuliwa mwaka 2023. Baadhi ya waandishi huwaita watu wa aina hii "wasio na utaifa". Sikubaliani nao. Wamakonde walikuwa na lugha, vinyago na makaburi ya wazee wao katika ardhi ya Kenya. Walichokosa ni uraia. Na "raia", tukumbuke, latokana na neno la Kiarabu la kundi linalochungwa. Aliyenyimwa uraia, basi, ni mnyama aliyeachwa nje ya zizi, ilhali mchungaji anamwona.