Zuio, Makato na Marejesho: Istilahi za Kodi ya Jimbo katika Uuzaji wa Nyumba nchini Marekani

Miongoni mwa hati ambazo mfasiri wa Kiswahili hupewa siku hizi, na ambazo zamani hazikuwapo mezani pake, ni zile zihusuzo uuzaji wa nyumba nchini Marekani. Wasemaji wa lugha yetu waliohamia huko kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya na Tanzania wamenunua nyumba, na sasa wako miongoni mwao wanaoziuza ili wahamie jimbo jingine au warejee kwao. Siku ya kukabidhiana, muuzaji huletewa karatasi ya hesabu, na ndani yake huenda akaona kwamba sehemu ya bei haikumfikia, bali imepelekwa kwa idara ya kodi ya jimbo. Naye huuliza: nimetozwa kodi gani hii? Jibu atakalolipata hutegemea sana neno alilolichagua mfasiri.

Yafaa tulieleze jambo lenyewe kabla ya kuyagusa maneno. Marekani ni shirikisho, na raia wake wengi hulipa kodi ya mapato mara mbili: moja kwa serikali ya shirikisho, nyingine kwa jimbo. Nyumba ikiuzwa kwa bei inayozidi gharama iliyotumika kuipata na kuiendeleza, ziada ile ni mapato, na jimbo ambamo nyumba imejengwa lina haki ya kuyatoza. Lakini ikiwa muuzaji anaishi jimbo jingine, jimbo lile huchelea kwamba atachukua fedha zake aende zake, wala asionekane tena. Kwa hiyo sheria za majimbo kadha zimeagiza kwamba mnunuzi, au yule anayezishika fedha kati ya pande mbili, akate sehemu fulani na kuipeleka kwa jimbo kabla muuzaji hajalipwa. Muda wa kutoa hesabu ya mwaka ukifika, muuzaji hujaza ritani. Kodi halisi hupigiwa hesabu. Kilichozidi hurudishwa, kilichopungua huongezwa. Fedha zile, basi, si kodi ya pili. Ni malipo ya mbele ya kodi ileile.

Majimbo hayafuati kipimo kimoja. California hukata asilimia 3 na theluthi moja ya bei yote, na tangu mwaka 2003 sheria hiyo inawagusa hata wakazi wa jimbo lenyewe. Georgia hukata asilimia 3, Maine asilimia 2.5, na Hawaii, tangu mwaka 2018, asilimia 7.25. Colorado hukata asilimia 2 ya bei au kiasi chote kinachombakia muuzaji, kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Maryland haianzii kwenye bei, bali kwenye fedha zinazosalia baada ya rehani na gharama kulipwa. Texas haikati chochote, kwa sababu haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi.

Sasa tuje kwenye neno. Kiingereza huliita jambo hili ‘withholding’, na mfasiri aliyezoea istilahi za Tanzania atakimbilia mara moja ‘kodi ya zuio’. Hatuwezi kumlaumu. Istilahi hiyo imekwisha kukaa. Hutumiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na wahasibu wote huifahamu. Hata hivyo, katika hati tunazozizungumzia ina kasoro mbili, na zote mbili humgharimu msomaji fedha.

Kasoro ya kwanza imo katika mpangilio wa maneno. ‘Kodi ya zuio’ hujengwa kama ‘kodi ya mapato’ au ‘kodi ya majengo’: neno la pili hutaja aina ya kodi. Msomaji huelewa kwamba iko kodi maalumu iitwayo zuio, nayo imekwisha kulipwa. Uelewa huo huimarishwa na mazoea ya nyumbani, kwani nchini Tanzania ziko kodi za zuio ambazo ni za mwisho: mtu binafsi aliyekatwa kodi kwenye gawio la hisa zake hahesabiwi tena juu ya gawio lile. Mtu wa namna hii akiuza nyumba California na kuambiwa kwamba amekatwa ‘kodi ya zuio’, hujiona amemaliza. Hajazi ritani, na asipojaza ritani harudishiwi kitu.

Tuchukue mfano wa kubuni tupime uzito wake. Nyumba iliyokuwa ikipangishwa inauzwa kwa dola 600,000. Asilimia 3 na theluthi moja ni dola 20,000, nazo hupelekwa kwa jimbo. Faida halisi, baada ya kutoa gharama ya ununuzi, ya matengenezo makubwa na ya kuuzia, na kurekebisha hesabu ya uchakavu, ni dola 60,000 tu. Ikiwa kodi ya jimbo juu ya faida hiyo itafika dola 4,000, basi dola 16,000 ni mali ya muuzaji, zinamngoja azidai. Tena sheria ya jimbo hilo humruhusu achague, kabla ya kukabidhiana, kukatwa kwa kufuata faida badala ya bei: asilimia 12.3 ya dola 60,000 ni dola 7,380. Haki hiyo imeandikwa katika fomu, lakini haiwezi kumsaidia mtu aliyeelezwa kwamba kodi ni kodi, hailipiwi kwa hiari.

Kasoro ya pili imo katika ‘zuio’ lenyewe. Kuzuia ni kuziba njia, na msomaji wa kawaida amelizoea ‘zuio’ kutoka mahakamani, ambako humaanisha amri ya kusimamisha jambo. Mkazi mmoja aliyesoma kichwa cha habari ‘Zuio la Kodi la Jimbo katika Kuuza Nyumba’ alimwuliza mwandishi wa makala haya ni kosa gani alilolitenda hata serikali ikamkataza kuuza nyumba yake. Swali lake lilikuwa la haki kabisa kwa kadiri ya Kiswahili alichokisoma. Jambo linatatanisha zaidi kwa kuwa katika majimbo kama Maryland na New Jersey hati ya kuhamisha umiliki haisajiliwi mpaka malipo au cheti cha msamaha kiambatishwe. Hapo pana zuio la kweli, nalo ni la usajili, si la fedha. Sheria ya Tanzania nayo ina sharti kama hilo, maana msajili haandikishi uhamisho wa ardhi pasipo cheti cha kodi. Mfasiri akilitumia neno moja kwa mambo yote mawili, hatakuwa na pa kukimbilia.

Zipo njia kadha. ‘Amana’ ni neno zuri na lina heshima, lakini fedha zilizokwisha kupelekwa kwenye hazina ya jimbo si amana. Amana ni zile zinazoshikwa na mtu wa kati kabla ya kukabidhiana, na ni bora neno hilo lihifadhiwe kwa kazi hiyo, naye mtu huyo aitwe mshika amana. ‘Arubuni’ ina wazo la kutangulia, ila ni malipo ya mnunuzi kwa muuzaji ili biashara ishikwe. ‘Makato’ hufahamika na kila aliyewahi kupokea mshahara, na lina faida ya kuonyesha kwamba fedha zimetoka katika kitu kikubwa zaidi. Upungufu wake ni kwamba halisemi kama zimekwenda moja kwa moja. Tukiliongezea sifa, pengo hilo linazibika: makato tangulizi ya kodi. Istilahi hii inasema yote yanayohitajiwa. Fedha zimekatwa, zimekatwa mapema, na kodi yenyewe bado haijapigiwa hesabu. Tunapendekeza itumike katika hati za uuzaji wa nyumba, na ‘kodi ya zuio’ ibaki pale inapotumika kisheria nchini Tanzania.

Kuhusu ‘kodi’ yenyewe, wasomaji hawana haja ya kukumbushwa kwamba nyumba ina kodi mbili katika Kiswahili: ile apewayo mwenye nyumba na mpangaji, na ile apewayo serikali. Katika hati ya nyumba iliyokuwa ikipangishwa, maana zote mbili huweza kukutana katika sentensi moja. Mfasiri aandike ‘pango’ kwa ile ya kwanza. Nchini Kenya wengi wangependelea ‘ushuru’ kwa ile ya pili, na hatuoni ubaya wowote mradi hati nzima ishike neno moja. Lililo baya ni kuandika ‘kodi ya serikali’, kwani serikali ziko mbili, na muuzaji hatajua ni ipi inayomdai. Iandikwe ‘kodi ya jimbo’ na ‘kodi ya shirikisho’.

Tofauti hiyo ni muhimu zaidi linapokuja suala la nani anayekatwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1980 huwahusu wageni, yaani watu ambao kwa kanuni za kodi si raia wala wakazi wa Marekani. Kiwango chake cha kawaida, tangu mwaka 2016, ni asilimia 15 ya bei. Mtu mwenye kibali cha ukazi wa kudumu si mgeni kwa sheria hiyo. Sheria za majimbo hazina habari na uraia. Nyingi zinauliza tu kama muuzaji ni mkazi wa jimbo lile. Mmarekani aliyezaliwa Atlanta, akahamia Texas, akauza nyumba aliyoiacha Georgia, ni ‘asiye mkazi’ mbele ya Georgia. Tumeona tafsiri ambamo dhana zote mbili zimeitwa ‘mgeni’. Matokeo yake ni kwamba raia hukataa kujaza fomu akidhani ametukanwa, na mwenye kibali cha ukazi hukubali kukatwa asichopaswa kukatwa.

Ama kuhusu misamaha, ulio mkubwa ni wa nyumba ya kuishi. Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1997, mtu aliyeimiliki nyumba na kuishi humo kwa jumla ya miaka 2 katika miaka 5 iliyotangulia kuuzwa kwake, huweza kuondolewa kodi juu ya faida hadi dola 250,000, na mume na mke wanaotoa hesabu pamoja hadi dola 500,000. Majimbo mengi huitegemea kanuni hiyo: mwenye kutia sahihi cheti kwamba nyumba ni ya namna hiyo hukatiwa kidogo au hakatwi kabisa. Wengi wamefasiri jina la nyumba hiyo kuwa ‘makazi makuu’, na wengine ‘nyumbani’. Hili la pili ni hatari. Mwulize Mhaya aliyekaa Marekani miaka ishirini nyumbani kwake ni wapi, atakujibu Bukoba; Mchaga atataja kihamba cha baba yake; Mkongo wa Uvira atataja Uvira. Kila mmoja amesema kweli, na kila mmoja amejikosesha msamaha. ‘Makazi makuu’ ni afadhali, lakini hata hilo halitoshi bila maelezo mara ya kwanza litokeapo: nyumba ambayo muuzaji mwenyewe alikuwa akiishi humo kwa kawaida. Maneno tisa ya ziada katika fomu si anasa.

Neno jingine linalotega ni ‘marejesho’. Katika matumizi ya ofisini limebeba mizigo mitatu: karatasi ya hesabu inayopelekwa kwa idara ya kodi, fedha zinazorudishwa na idara, na kulipa mkopo kidogo kidogo. Hivyo mtu huweza kusoma, bila kucheka, kwamba ‘ni lazima uwasilishe marejesho ndipo upate marejesho’, na mwenye rehani ya nyumba ataingiza na ya benki. Tushike ‘ritani’ kwa karatasi, kwani imekwisha kuzoeleka hata sokoni. ‘Rejesho’, kwa umoja, kwa fedha. Na kwa mkopo tuseme ‘malipo ya mkopo’.

Tunaongeza onyo dogo kuhusu tamko la Kiingereza linalotaja siku ya mwisho ya biashara kwa kitenzi cha kufunga. Nyumba haifungwi siku hiyo. Aghalabu ndipo inapofunguliwa. Tuseme ‘siku ya kukabidhiana’. Neno hili lina kazi ya kisheria, maana fomu ya kuomba msamaha au kuchagua njia ya hesabu hutiwa sahihi kabla ya siku hiyo. Ikiisha kupita, kilichokatwa kimekwenda, na njia inayobaki kwa kawaida ni ritani.

Wala tusidhani kwamba wenye lugha ya asili wamesalimika. Huko New Jersey, ambako sheria ya mwaka 2004 ilimtaka asiye mkazi alipe makadirio ya kodi yasiyopungua asilimia 2 ya bei, watu wameyapachika malipo hayo jina la mtaani lenye maana ya ‘kodi ya kuondoka’. Hakuna kodi kama hiyo katika sheria, na anayehama hatozwi kwa kuhama. Lakini jina limeenea, na wapo wanaoliogopa. Mfasiri akikutana nalo asilitafsiri kama istilahi. Aliweke katika alama za mtajo, kisha aseme lina maana gani.

Kwa matumizi ya ofisini tunatoa hapa mfano wa aya inayoweza kuwekwa juu ya fomu ya California, na kurekebishwa kwa majimbo mengine kwa kadiri ya sheria zao:

‘Sehemu ya bei ya nyumba hii itakatwa na mshika amana siku ya kukabidhiana na kupelekwa kwa jimbo. Haya ni makato tangulizi ya kodi ya jimbo. Si kodi ya ziada. Ukiwa unastahili msamaha, au ukitaka makato yakadiriwe kwa faida badala ya bei, tia sahihi sehemu inayohusika kabla ya siku ya kukabidhiana. Kodi yako halisi itajulikana utakapowasilisha ritani ya mwaka ambamo nyumba imeuzwa. Ikiwa makato yamezidi kodi, utapewa rejesho. Tunza nakala ya fomu hii. Utaihitaji wakati wa kujaza ritani.’