Jirobisi: gari ya umeme iliyopotea Kinshasa

Tukiuliza mwanafunzi wa hapa Rughenda kama gari za umeme ziliwahi kubeba watu katika barabara za Kongo, atajibu mbio: "Hapana, ile ni mambo ya Ulaya." Jibu lile si kweli. Tangu mwaka 1955 mpaka 1959, watu wa Léopoldville, mji unaoitwa Kinshasa tangu 1966, walipanda gari ya umeme. Haikuwa tramu, maana haikuwa na reli. Haikufuata waya wa juu pia. Jina lake jirobisi. Tunataka kueleza namna ilivyofanya kazi, juu ya nini iliachwa, na tunapoteza nini tusipochunga vitu vya namna ile.

1. Nguvu ilitoka wapi?

Tramu ya umeme inapata nguvu katika waya unaopita juu ya njia yake yote. Kujenga reli na waya katika mji mzima ni bei kali. Basi katika miaka ya 1940, mafundi wa kampuni Oerlikon, kule Uswisi, walitafuta namna ingine: gari ijibebee nguvu yake.

Tuangalie masini ya kushona ya miguu. Mshonaji akiacha kukanyaga, gurudumu kubwa linaendelea kuzunguka kidogo. Tuangalie tena chukudu inayoshuka mlima na mzigo wa viazi: hata mwenyewe akitaka kuisimamisha, haisimami mara moja. Kitu kizito kinachokwenda kinachunga nguvu ndani yake. Kikizidi uzito na kikizidi mbio, nguvu nayo inazidi.

Ndivyo mafundi wale walivyofanya. Ndani ya gari waliweka gurudumu la chuma la kilo 1500 hivi, lenye upana wa metre 1,6. Lililala kama sahani ndani ya sanduku lililofungwa na kujazwa hidrojeni, maana gesi ile ni nyepesi kuliko hewa na haizuii gurudumu sana.

Pale kituoni, vyuma vitatu vilivyo juu ya paa viliinuliwa kugusa nguzo ya umeme. Umeme ulizungusha mota, na mota ikazungusha gurudumu mpaka mara 3000 kwa dakika moja. Kazi ile ilichukua sekunde 30 mpaka dakika 3. Kisha vyuma vilishushwa, gari ikaondoka. Sasa kazi iligeuka: gurudumu ndilo lilizungusha mota ile ile, nayo ikawa jenereta ya kutoa umeme wa kuendesha gari. Nguvu ile ilitosha kilometre 6 hivi. Shofere akipunguza mwendo, sehemu ya nguvu ilirudi katika gurudumu.

2. Kumi na mbili za Léopoldville

Jirobisi zilianza kubeba abiria kila siku huko Uswisi, Oktoba 1953, kati ya Yverdon na Grandson. Yverdon ilikuwa na mbili tu. Léopoldville ilipata 12, wingi kupita mji wowote wa dunia. Kila moja ilikuwa na urefu wa metre 10,4 na ilibeba watu 90. Zilikuwa na njia nne, jumla kilometre 20 hivi, na mahali pa kujaza nguvu kila kilometre 2.

Lakini taabu hazikukawia. Mashofere walipita njia za mkato zisizo na lami, na nyuma ya mvua njia zile ziligeuka matope. Mtu wa Butembo hana lazima ya kuelezwa jambo lile! Vipira vya chuma vinavyoshika gurudumu lile zito vilivunjika. Unyevu wa hewa nao ulitesa mota. Tena gari ilikula umeme mwingi: kilowati-saa 3,4 kwa kilometre moja. Kwa umeme ule, taa ya wati 100 ingewaka saa 34. Mwaka 1959 kazi ilifungwa.

3. Moja iliyobaki

Ubelgiji ulikuwa na jirobisi tatu, kati ya Gand na Merelbeke, tangu 1956 mpaka 1959. Moja yao, yenye alama G3, ilichungwa. Iko katika nyumba ya makumbusho ya tramu na bisi huko Anvers, nayo ni ya pekee iliyobaki dunia nzima. Katika zile 12 za kwetu, hakuna hata moja. Mkongomani anayetaka kugusa gurudumu lile kwa mkono wake, sharti apande ndege.

Mtu atasema: "Gari iliyoshindwa, tuichunge juu ya nini?" Sisi tunajibu: kushindwa kwake ni somo. Mawazo yale yamerudi. Mwaka 2009, huko Stourbridge, Uingereza, vigari vidogo vya reli vyenye gurudumu la namna ile vilianza kubeba abiria. Huko Genève kuna bisi za umeme zinazojazwa kituoni kwa sekunde chache. Fundi atakayeleta gari kama zile kwetu atahitaji kujua joto, mvua na udongo vilifanya nini kwa zile za kwanza. Masomo yale yalipatikana hapa Kongo, na vyombo vyenyewe vingeyafundisha vizuri kuliko picha.

4. Na sisi?

Kuchunga si kuacha chuma nyuma ya nyumba kiliwe na kutu. Inafaa paa, grisi, na vipande vyake visitawanyike. Inafaa tena karatasi ya kueleza: kilitoka wapi, kilifanya kazi gani, nani alikitumikisha. Huku kwetu masini za zamani za kusaga, jenereta na kamiyo zinauzwa kwa kilo. Mbele ya kuuza, tuandike historia yake, na kama inawezekana tubakize moja.

Wazee nao hawangoji. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1959 sasa amepita 85. Kama katika jamaa yako kuna mzee aliyeishi Léopoldville wakati ule, umuulize likizo hii kama alipanda jirobisi, na uandike jibu lake katika kaye.